Vumbi la Stoo ya Twalib

Jumamosi, 7 Februari

Tumepata stoo! Kile chumba cha nyuma ya duka, kilichofungwa tangu yule mpangaji wa magunia ahame, mwenye nyumba amekubali kutupatia. Alhamdulillahi. Ramadhani iko mlangoni, watu wataulizia ndengu na mbaazi kila saa, na mimi nimechoka kulala na kunde uvunguni. Nimemwambia Twalib kuwa nimeolewa na mfanyabiashara wa nafaka, sikuolewa na nafaka yenyewe.

Mchana niliwapelekea chai, yeye na Makau wa mkokoteni. Sikuweza hata kuvuka kizingiti. Vumbi! Wamejifungia humo ndani wanakung'uta magunia makuukuu, wanafagia, hawaonani. Mavi ya panya kila pembe. Harufu ya mikojo yao inachoma pua. Nikapiga kelele, nyunyizeni maji kwanza, mtakufa humo! Wakanicheka wote wawili.

"Mama Hayat," Twalib akasema, "stoo ya nafaka haimwagiwi maji. Ukimwaga leo, kesho ndengu zina ukungu."

Ni kweli, najua. Wauza nafaka wote wanafagia kavu, hata baba yake alikuwa hivyo hivyo. Nikawaachia chai mlangoni nikaenda zangu. Jioni akakaa kwenye ngazi akazipepeta zile takataka, punje zilizobaki atawauzia wafuga kuku wa Njiru. Hakuna kinachotupwa na mume wangu.

Amerudi mweupe kuanzia nywele hadi kope. Hayat akamwambia, "Baba, umekaa kama andazi bado halijakaangwa." Tumecheka sana.

Alhamisi, 19 Februari

Mwezi umeandama jana, leo tumefunga. Kaimati zangu za kuuza zimeisha kabla ya adhana! Viazi karai vimebaki viwili, tumekula wenyewe. Stoo imejaa hadi dari. Panya hawajahama, wamepigiwa hodi tu wakahamia pembe nyingine. Twalib amenunua sumu kwa yule mchuuzi anayepita na spika. Miguu inaniuma. Nina furaha.

Jumanne, 24 Februari

Twalib amerudi kabla ya adhuhuri, jambo ambalo halijawahi kutokea katika Ramadhani yoyote ninayoikumbuka. Homa. Anatetemeka chini ya blanketi mbili na jua hili. Kichwa, na mgongo hasa, kiunoni, anasema ni kama bado amebeba gunia. Macho mekundu.

Nikamwambia afungue, anywe dawa. Akakataa. Mama mkwe, Bi Shamsia, akamwambia vilevile, mgonjwa ameruhusiwa, utalipa siku nyingine. Hapana. Kichwa kigumu! Nikamwashia moto mpaka majirani wakazima redio. Alifungua alasiri, kwa maji, huku amenigeuzia mgongo.

Jumatano, 25 Februari

Kliniki ya hapa mtaani. Malaria hakuna. Basi ni taifodi. Huku kwetu ukiwa na homa isiyo na jina, ni taifodi. Vidonge, na sindano ya maumivu ya mgongo, na vidonge vingine vya maumivu vya kwenda navyo nyumbani. Imran, shemeji yangu, ameshika duka.

Ijumaa, 27 Februari

Hakuenda msikitini. Ijumaa, Ramadhani, na Twalib hakuenda msikitini. Homa haishuki. Uso umemwiva, na makwapani ana vidoa vidogo vyekundu, nikadhani ni joto. Anatapika. Mama mkwe anamsomea maji, mimi namkanda. Sitaki kuandika ninachokiogopa. Naogopa.

Jumatatu, 2 Machi

HOMA IMESHUKA! Nimeamka nikamgusa paji la uso, baridi. Nikamgusa tena. Akafungua macho akauliza kama kuna mbaazi. Mbaazi! Nimelia jikoni, nimecheka, nimekoroga unga wa mahamri mara mbili ya kawaida. Mama mkwe amesujudu pale pale ukumbini kwenye kapeti.

Anasema kesho anafunga. Nikasema subiri. Akasema amepoteza siku za kutosha. Mama mkwe akawa upande wake, na mimi, niseme ukweli, sikubisha sana. Nilitaka kumwona tena na tende yake mkononi akingoja adhana. Nyumba ilikuwa imepoa bila yeye kukaa pale mkekani nasi. Basi nikakubali. Dawa za maumivu atameza wakati wa daku na futari.

Jumanne, 3 Machi

Amefunga. Amekaa dukani juu ya gunia, Imran anauza, yeye anatoa amri tu. Mgongo bado. Wakati wa futari akanywa jagi zima la maji, na juisi ya ukwaju juu yake. Vizuri, nikasema, mwili unajirudishia.

Jumatano, 4 Machi

Nimegombana na Wacuka. Na nimekasirika hadi sasa hivi.

Wacuka mlango wake unatazamana na choo. Choo chetu cha ploti, kile cha mwisho wa korido, tunachotumia sote. Anakaa hapo na jiko lake la chapati kuanzia asubuhi, na kila apitaye na ndoo lazima amsalimie. Ni jirani mwema, sikatai. Homa ilipokuwa kali alituletea uji. Leo akanivuta kando, akashusha sauti.

"Mama Hayat, usinifikirie vibaya. Lakini Baba Hayat simwoni akipita."

"Akipita wapi?"

"Huku. Jana sijamwona. Leo sijamwona. Juzi labda mara moja."

Kwani yeye ni askari wa choo? Amewekwa pale na nani kuhesabu mume wangu anakojoa lini? Nimemwambia hivyo hivyo, kwa sauti, na Tiffany, binti yake, alikuwa anasikia. Wacuka akageuza chapati yake.

Nikaja kuisimulia nyumbani kama kichekesho. Twalib akatabasamu kidogo. Mama mkwe akasema, mtu amefunga kutwa nzima, hayo maji ya kukojoa atayatoa wapi? Ni kweli. Hata mimi siku hizi siendi sana.

Lakini nimekuwa nikiosha mchele hapa, na jambo moja halinitoki. Jagi zima jana. Na ukwaju. Maji yale yameenda wapi?

Alhamisi, 5 Machi

Uso umemvimba. Nilidhani ni usingizi, kope zimemjaa. Akaenda kuvaa viatu, havimwingii. Kwikwi imemshika tangu daku, haimwachi. Halafu akamwita Imran kwa jina la baba yao marehemu, na hakugundua.

Nikamtoa mama mkwe na Hayat chumbani, nikafunga mlango. Nikamuuliza wazi, kama mke anavyomuuliza mume. Lini mara ya mwisho? Akaona haya. Miaka yote hii, bado anaona haya! Akasema tangu ile siku homa iliposhuka hajaenda sawasawa. Matone. Meusi, kama chai ya rangi.

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni saumu," akasema.

Nilidhani ni saumu. Ya Rabbi. Sote tulidhani ni saumu!

Nimetoka mbio hadi kwa Wacuka. Sikujua nitaanzaje baada ya yale ya jana. Sikuhitaji kuanza. Aliponiona tu akaanza kufungua aproni, akampigia kelele mumewe, "Kabiru, toa mayai kwa gari!" Kabiru anasambaza mayai kwa ile probox yake. Trei zikashushwa koridoni, Twalib akapandishwa. Njiani nikampa maji, akafunga mdomo. Bado magharibi, anasema. Nikamwambia Twalib, fungua kinywa au nitakifungua mimi mbele ya Kabiru. Akanywa kidogo, akatapika yote.

Ijumaa, 6 Machi

Naandikia kwenye benchi la nje ya wodi. Hospitali kubwa. Hayat yuko na bibi yake nyumbani.

Daktari anaitwa Wahome. Si mzee, ana miwani, anauliza polepole. Homa ilianza lini. Mkojo ulipotea lini. Amesafiri? Amekanyaga maji ya mafuriko? Dawa gani amemeza? Nikamwonyesha zile za maumivu ya mgongo, akatikisa kichwa akaziweka kando, akasema hizo zinazidi kuzikandamiza figo. Kazi yake? Nafaka, nikasema. Akaacha kuandika.

"Kuna panya?"

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Daktari, sisi ni watu wa Majengo! Yeye hakucheka. Akauliza kama hivi karibuni amefagia mahali palipofungwa kwa muda. Nikamweleza stoo, magunia, vumbi, milango iliyofungwa. Akauliza walimwaga maji kwanza? Nikamwambia stoo ya nafaka haimwagiwi maji. Nilijisikia nikisema, kwa sauti ya Twalib kabisa.

Nijaribu kuyaandika vizuri, nisije nikayachanganya. Kuna virusi vinaitwa hanta. Vinakaa kwa panya, panya mwenyewe haugui. Viko kwenye mikojo yake, mavi, mate. Vikikauka vinachanganyika na vumbi, ukifagia kavu unavivuta na pumzi. Wiki zinapita, umeshasahau. Kisha homa, mgongo, macho mekundu. Aina ya huku inashambulia figo. Na hapa ndipo aliponimaliza: akasema mara nyingi homa inaposhuka watu hushangilia, kumbe huo ndio wakati figo zinaanza kufunga.

Mahamri. Nilikoroga unga mara mbili ya kawaida.

Hajasema ni hanta kwa hakika. Damu imepelekwa maabara ya mbali, majibu si ya leo wala kesho. Kuna ugonjwa mwingine wa panya, ule wa maji machafu, unafanana nao sana, kwa hiyo ameanza dawa yake asisubiri. Na dawa ya hanta? Nilimuuliza mara mbili. Haina. Damu itasafishwa kwa mashine, figo zipumzike, tungoje. Kuambukizana mtu na mtu kwa huu wa panya wa mjini si jambo linalojulikana, kwa hiyo naweza kumshika mkono. Ni yule aliyevuta vumbi ndiye wa kuangaliwa.

Makau! Nikampigia simu pale pale. Akasema, "Mathe, mimi niko fiti kabisa, niko Gikomba nasukuma mzigo." Nikamwambia aache mzigo aje. "Sawa, sawa, usinitishe basi," akasema, na nikasikia ameogopa.

Jumamosi, 7 Machi

Mashine. Mirija miwili, damu yake inatoka, inazunguka, inarudi. Sikuangalia. Niliangalia vidole vyake vya miguu.

Mama mkwe amekuja. Akakaa nami kwenye benchi mpaka alasiri. Kisha akasema, mimi ndiye niliyemsukuma afunge. Nilikuwa na maneno tayari, kwa kweli, nimekuwa nayo tangu juzi. Nikamtazama, mdogo hivi ndani ya buibui lake. Yakakauka. Nikamwambia, tulimsukuma sote, Mama, na mwenyewe alikuwa anakimbia mbele yetu. Akanishika mkono, hakuuachia.

Makau amepimwa, hana kitu kwa sasa. Akihisi homa arudi siku hiyo hiyo. Imran ameelekezwa jinsi ya kuisafisha stoo: kufungua milango, kutoka nje, kuacha hewa ipite. Kisha glavu, barakoa, kumwagia maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kungoja, ndipo kufuta. Ufagio mkavu, marufuku. Na nafaka yoyote iliyotafunwa itupwe.

"Shemeji, maji? Ndani ya stoo ya nafaka?"

"Mwaga!" nikamwambia, watu wa benchini wakageuka. "Mwaga mpaka yatoke barabarani!"

Jumatatu, 9 Machi

Mashine tena. Uvimbe wa macho umepungua. Akili inakuja na kwenda. Mara ananiuliza bei ya ndengu, mara ananiuliza kama tumekula daku.

Kinachoniumiza ni kiu. Anapewa kikombe kidogo cha maji, basi, mpaka kesho, kwa sababu yakiingia hayana pa kutokea. Midomo imempasuka. Ninailowesha kwa kitambaa. Leo akanishika mkono na akili zake zote, akaniambia, "Mama Hayat, hii saumu haina magharibi." Nikatoka nje nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Daktari Wahome anasema figo zimelala, hazijafa. Kwa wengi huamka. Zikiamka, zitaamka na mkojo mwingi, mpaka tutashangaa, na hapo atapewa maji apendavyo. Nikamuuliza na wale wasio wengi? Akavua miwani akaifuta. Wale hubaki na mashine, akasema. Na wengine hawafiki hapo.

Basi hiyo ndiyo dua yangu. Kumi la mwisho la Ramadhani linaingia kesho usiku, watu wanaomba pepo, wanaomba riziki, mimi nimeweka paji la uso chini namwomba Mola mkojo. Sina haya. Mkojo, ya Rabbi, mwingi, wa rangi yoyote.

Jumanne, 10 Machi

Hakuna.

Mfuko wa mkojo umening'inia chini ya kitanda na mrija wake, mkavu. Nesi Nangila anauangalia kila anapopita, anaandika, anaenda.

Wacuka alikuja na chapati zangu za futari zimefungwa kwenye kitambaa. Hakunisalimia hata. "Amekojoa?" Nikasema bado. Akasema ploti nzima inauliza, hata mwenye nyumba, hata yule mzee wa juu asiyesalimia mtu. Nikamwomba msamaha kwa ile siku. Akasema, "Ile gani?" Nikamkumbatia mpaka chapati zikasagika katikati yetu.

Nawaza sana leo. Hayat ana mitihani. Imran hawezi duka peke yake. Lakini yote hayo ni pembeni tu. Namtaka Twalib. Nataka anikasirishe tena nyumbani kwangu.

Alhamisi, 12 Machi

Jana sikuandika. Mashine, na presha ikamwanguka katikati, wakakimbia, wakatutoa nje. Ilirudi.

Leo amelala asubuhi yote. Daktari amepita, akabonyeza miguu, akasema wataamua baadaye kama kesho ni mashine tena. Majibu ya damu bado. Mama mkwe yuko upande wa pili wa kitanda na tasbihi.

Sasa hivi ameamka. Amekunja uso, anajigeuzageuza. Nikamuuliza, mgongo? Akatikisa kichwa. Akanivuta sikio karibu.

"Nimebanwa."

Nini? Amebanwa! Anataka kwenda chooni. Anataka nimshushe kitandani, anataka ndoo, anaona haya kwa sababu mama yake yupo. Nimemwambia ana mrija, baba, huhitaji kwenda popote, achia tu. Hataki. Mtu mzima hakojoi kitandani, anasema. Anajaribu kuinuka na zile nguvu zake za kifaranga!

Nangila alinionya jana. Mrija wenyewe humfanya mtu ahisi amebanwa hata kama kibofu ni kitupu, nisijipe matumaini. Sijipi. Mfuko uko upande wa mama mkwe, chini, blanketi limeufunika. Sijauangalia. Nimekaa huku naandika ili nisiuangalie. Mama mkwe naye hauangalii, ananiangalia mimi, na tasbihi imesimama kidoleni.

"Mama Hayat, nitajimwagia," anasema.

Jimwagie! Jimwagie, Twalib wangu, nitafua shuka za hospitali nzima!

Nangila amekuja. Amefunua blanketi. Ameinama. Mbona anakaa sana kule chini? Sasa amepiga goti. Amemwita mwenzake, naye ameinama. Wananong'ona. Mama mkwe amefumba macho.

Nangila ameinuka na mfuko mkononi, ameugeuzia dirishani. Ananiita, Mama Hayat, hebu acha hiyo kalamu, njoo huku. Amevaa barakoa, sioni kama anacheka. Naenda, naenda—